Upande wa Bonde

Nilirudi nyumbani Chonyonyo nikiwa mnene. Haukuwa unene wa mtu aliyefanikiwa, ingawa wengi walidhani hivyo na kunisalimia kwa heshima nisiyoizoea. Ulikuwa unene wa mtu aliyekaa. Kwa miaka minne nilikuwa nyuma ya meza ya duka moja karibu na machimbo ya bati kule Kyerwa, nikipima chumvi na sukari, nikila wali wa samli mchana na jioni, kwa sababu mwenye duka, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alikuwa mkarimu na mkewe hakujua kupika kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kutembea. Niliacha shule darasa la tatu ili nione mto Kagera unakoelekea, na nilipouona nikaendelea tu: Uganda kuchuma pamba, Bukoba kupakua magunia, kisha machimboni. Nilipofika dukani miguu ilisimama, tumbo likaanza safari yake.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili kwisha. Habari kwamba baba amefariki zilinifikia kupitia mnunuzi wa chumvi, na nilipofika kaburi lilikuwa limeshaota majani. Nilisimama pale nikahesabu migomba iliyolizunguka. Ilikuwa kumi na mmoja. Mama alinitazama akiwa mlangoni, akaingia ndani kupika. Sikulia, naye hakuniuliza kwa nini silii.

Kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea alikuwa anabebwa. Barabara ya gari ilikuwa mbali, na gari lenyewe mbali zaidi. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa kuanzia alfajiri hadi jua kuelekea magharibi. Kwa hiyo kila nyumba ya mlima wetu ilikuwa katika chama cha machela. Machela ni kitanda cha fito kilichosukwa kwa kamba juu ya miti miwili mirefu. Watu wanne huingia chini yake, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine hufuata wakingoja zamu. Masharti yalikuwa machache. Kila nyumba inatoa bega moja. Nyumba isiyotoa bega, mgonjwa wake atajua mwenyewe atakavyofika hospitali.

Bega la nyumba yetu lilikuwa la baba. Sasa likawa langu.

Niliitwa mara ya kwanza kabla sijamaliza mwezi. Mzee mmoja wa jirani alikuwa amezibwa mkojo siku mbili. Tulishuka naye hadi kijito bila taabu, maana mteremko ulinisukuma wenyewe. Baada ya kijito njia hupanda ukingoni mwa mlima, nyembamba, huku mlima uko kulia na bonde liko kushoto. Hapo uzito wote humwendea anayebeba nyuma upande wa bonde. Niliwekwa pale kwa sababu nilikuwa na mwili mkubwa, na walidhani mwili mkubwa una nguvu. Sikufika hata nusu. Magoti yalianza kutetemeka, pumzi ikaishia kooni, na mti wa machela ukaniteleza begani. Mgonjwa alibiringika hadi kwenye majani. Hakuumia. Alikaa pale chini, akapanga nguo yake, akamwambia kiongozi wa wachukuzi, "Nipeni mimi hiyo nafasi. Huyu mlazeni."

Watu walicheka hadi wakaketi. Mmoja akasema siku nyingine waje na machela mbili, moja ya mgonjwa na moja yangu. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nikitazama sisimizi wakivusha mbegu. Nilijua napaswa kuona aibu. Niliitafuta, sikuiona.

Kiongozi alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Yeye hakucheka. Waliporudi kutoka hospitali alipita kwetu, akakataa kuketi. Aliniambia nyumba yetu bado imo katika chama kwa heshima ya baba, lakini heshima hiyo itafika mwisho wa mvua za vuli. Mvua zikiisha watanijaribu tena katika nafasi ileile. Nikishindwa, watatutoa. Kisha akamwangalia mama aliyekuwa anaanika kahawa uani, akanishushia sauti.

"Mama yako unamwona?"

Nilikuwa nimemwona. Alifunga kanga juu zaidi ya kawaida, na chini ya kanga upande wa kushoto kulikuwa na uvimbe mgumu, kama ameficha mtungi. Alipoinama alitangulia kushika kitu. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu siku ya kwanza na kuyaweka pembeni, kama mtu anavyoweka kitu atakachokishughulikia kesho.

Hapo ndipo nilipoamua kupungua na kukaza mwili. Sikujua pa kuanzia. Watu wa kwetu walikuwa na nguvu bila kuzitafuta, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza, maana sikuwahi kusikia mtu mzima akitaka kukonda kwa makusudi. Lakini nilikuwa na karatasi. Dukani tulikuwa tunafungia sukari kwa magazeti makuukuu ya Kizungu, na nilikuwa na tabia ya kuyatazama kabla ya kuyachana. Katika moja nilikuta picha za Mzungu mwenye masharubu, amevaa kaptula tu, anajikunja kwa namna mbalimbali. Picha zilikuwa saba, lakini ya saba ilikuwa imechanwa, umebaki mguu mmoja. Niliikunja karatasi nikaiweka, si kwa sababu ya mazoezi, bali nilitaka siku moja nijue ule mguu ulikuwa unafanya nini.

Basi nikaanza na picha sita. Nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, palikuwa na kipande cha ardhi tambarare. Nilikwenda pale kila alfajiri, kabla watu hawajatoka, na tena jua likizama. Ya kwanza unasimama wima, mikono juu. Ya pili unainama, mikono magotini, mgongo sawa kama meza. Ya tatu unachuchumaa na kuinuka. Ya nne unapiga magoti, viganja chini, unashusha kifua hadi paji la uso liguse ardhi, kisha unajisukuma juu. Ya tano na ya sita ni za kulala chali. Siku ya kwanza ya nne ilinishinda. Paji liligusa ardhi likabaki hapohapo, nikakaa katika hali hiyo muda mrefu, nikinusa udongo.

Kukimbia kulikuwa na tatizo jingine. Mtu mzima akikimbia kwetu, watu hutoka majumbani kuuliza nani amekufa. Asubuhi ya kwanza niliulizwa mara tatu, na mama mmoja alikuwa ameshavua kilemba tayari kuanza kulia. Nikaacha kukimbia. Nikachukua gunia, nikatia mawe, nikaliweka begani juu ya ngata ya majani makavu, nikawa naenda nalo hadi karibu na Rugera na kurudi. Mtu mwenye mzigo haulizwi anaenda wapi. Nilianza na mawe mawili.

Sikuwa na kioo wala mizani. Nilichana kamba mbichi ya mgomba, nikaizungusha tumboni, nikafunga fundo mahali inapokutana. Baada ya wiki mbili za mateso nilipima tena, na kamba haikufika kwenye fundo. Nilikuwa nimenenepa. Nikaongeza mawe. Wiki iliyofuata haikufika zaidi. Nilikaa kwenye kigogo nikaitazama kamba ile hadi nikaelewa kwamba ilikuwa inakauka, na kamba ya mgomba ikikauka hujikunja na kufupika. Mimi na kamba tulikuwa tunapungua pamoja, ila yenyewe ilikuwa inanishinda mwendo. Baada ya hapo nilipima kwa mkanda wangu wa ngozi, nikitoboa tundu kwa msumari wa moto kila nilipohitaji jipya.

Niliacha pia kula mchana. Nilikunywa maji alfajiri, nikala tena jua likishazama, ndizi na maharage, basi. Nilitegemea mama atagomba. Mwanamke wa kwetu akiona mtoto wake hali, hufikiri amelogwa. Mama hakugomba. Aliacha kunipakulia mchana, na jioni aliweka chakula mbele yangu mara tu giza lilipoingia, si kabla.

Na si hilo tu. Nilipomaliza wiki chache aliacha kuniletea rubisi, ile pombe ya ndizi aliyokuwa ananijazia kibuyu kila Jumapili. Jirani mwindaji alipotuletea nyama ya nguruwe mwitu, ambayo mama aliipenda kuliko nyama yoyote, aliirudisha. Alisema siku hizi tumbo lake haliitaki. Tulipopata kuku wa kuchinja alimfunga miguu, akaenda naye akiwa hai hadi sokoni Nyakasimbi, akarudi naye ameshachinjwa. Huko alimpelekea fundi cherehani, Mwislamu aliyekuwa na kibanda kando ya soko. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo wakati kisu kipo. Akasema mkono wake hauna nguvu tena. Nikamwambia nitachinja mimi. Akasema, "Wewe acha," akaondoka na kuku.

Nilielewa kwa njia yangu. Niliona mama ananisaidia kukonda. Pombe inanenepesha, nyama ya nguruwe ina mafuta, na safari ya kuku ilikuwa namna yake ya kujinyoosha miguu. Nilimshukuru kimoyomoyo, kisha nikaendelea na mawe.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha nilikuwa na matundu matano mapya kwenye mkanda, na mawe tisa kwenye gunia. Bega la kushoto lilikuwa limeota sugu kama kisigino. Ya nne niliifanya mara thelathini bila kusimama. Wale walionisalimia kwa heshima nilipokuja, sasa walinipa pole. Mmoja aliniuliza kama natapika damu. Nilimwambia sijambo, akatikisa kichwa kama anayesikia hivyo kwa wagonjwa wote. Ningetegemea kufurahi kidogo kwamba mwili umenitii. Nilihisi kama naangalia gunia la mtu mwingine likishushwa na kupandishwa.

Jaribio langu lilikuwa limepangwa, lakini mama alitangulia. Alianguka uani kwenye kahawa jioni moja, na nilipomwinua tumbo lilikuwa gumu lote, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilikwenda kwa kiongozi. Nilimkuta anakula, akanisikiliza, akamaliza tonge lake.

Jogoo wa kwanza alipowika walikuwa uani kwetu, wanaume wanane na machela. Mmoja alisema wazi kwamba nyumba hii haijajaribiwa, na huyu kijana sasa amekuwa mgonjwa pia, wakimweka chini ya machela watakuwa na wawili wa kubeba. Hakusema kwa ubaya. Kiongozi alinijia, akaweka kiganja chake begani kwangu, akabonyeza, akakuta sugu. Alibonyeza tena, kwa kidole gumba, kama mtu anayejaribu parachichi.

"Tangu kijitoni, nyuma, upande wa bonde," alisema. "Hakuna zamu. Ukiangusha, utambeba mgongoni peke yako."

Tulimlaza mama, tukamfunika blanketi la baba. Rozari alikuwa nayo mkononi. Tulishuka gizani, wengine wakibeba, mimi nikitembea kando. Tulipofika kijitoni kulikuwa kunapambazuka, mbingu nyeupe upande mmoja. Tukatua machela juu ya majani ili watu wanywe maji. Niliinama kumpa maji kwa kiganja. Hakunywa. Alinishika mkono, akangoja wenzangu wasogee.

"Kumekucha," alisema kwa sauti ndogo. "Wakati wako unapita. Nenda nyuma ya kile kichaka. Nitawaambia umekwenda haja."

Nilimuuliza wakati wa nini. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kudanganya.

"Mwanangu, nakuona migombani tangu siku ile ya kwanza. Unasimama, unainama, unaweka paji chini. Asubuhi na jioni. Sijamwambia mtu. Katekista hajui."

Nilibaki nimeinama vilevile. Nikaona kibuyu cha Jumapili kisichojazwa, nyama iliyorudishwa, chakula kilichongoja giza. Nikaona kuku mmoja baada ya mwingine akienda Nyakasimbi kwa miguu ya mwanamke aliyeficha mtungi chini ya kanga, ili mimi nile bila kuvunja dini niliyoipata kwa yule mwenye duka. Dini ambayo sikuwa nayo. Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache: ni mazoezi, mama, yako kwenye gazeti. Karatasi yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa natembea nayo. Sikusema. Sijui kama ilikuwa huruma au ni ule uzito tu ambao tayari ulikuwa umenikaa.

Nikaenda nyuma ya kichaka. Nilisimama wima, mikono juu. Nikainama, mikono magotini. Mapaja yalikuwa yamekaza kwa baridi na yalihitaji hivyo. Kisha nikapiga magoti nikaweka paji chini, mara moja tu, sikujisukuma. Udongo ulinuka kama ule wa nyumbani.

Niliporudi alikuwa amefumba macho.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Vizuri," alisema.

Tukaingia chini ya machela. Kuhusu ule mlima sina mengi ya kueleza. Njia ilikuwa nyembamba kama siku ile, bonde lilikuwa kushoto, na uzito ulikuja kama nilivyoujua. Niliweka mguu, nikaweka mwingine. Wa mbele walibadilishana mara mbili, na mwenzangu wa nyuma mara moja. Nilipita pale nilipoangukia, nikapatambua kwa jiwe, nikaendelea. Nilichokiona cha ajabu ni kwamba mama alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe tisa, na yeye hakufika nadhani hata sita. Juu kabisa tulitua, watu wakajitupa chini wanahema. Kiongozi alinisogelea akasimama akinisikiliza kifua kwa mbali, kama mtu anayetega sikio ukutani.

"Huhemi," alisema.

Nikamwambia hapana. Akaenda kwa mama, akainama kumweka sawa blanketi. Mama alimwambia kitu, wakazungumza kidogo kwa Kinyambo chetu, sikusikia. Nilidhani anaomba maji.

Tulimfikisha jua likiwa bado juu. Sista wa hospitali alimgusa tumbo, akaniuliza ni tangu lini. Nilimwambia sijui. Wenzangu walirudi, mimi nikabaki nikilala barazani na jamaa wa wagonjwa wengine. Kila alfajiri mama aliniangalia kupitia dirisha kama nimeamka, na kila alfajiri nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali na kurudi. Siku ya sita sista alinifuata huko nyuma ya jiko, akanikuta nimeinama. Alingoja hadi nilipojinyoosha ndipo akaniambia.

Nilituma mtu nyumbani. Wachukuzi wakaja wote wanane, hata wale ambao haikuwa lazima waje, maana sharti lilihusu wagonjwa tu. Tulimfunga kwa mkeka, tukaondoka usiku wa manane. Kurudi tuliuteremka ule mlima, bonde likiwa kulia sasa, na katika mteremko uzito humwendea wa mbele. Nikakaa mbele, upande wa bonde. Hakuna aliyeniambia nikae wapi.

Tulipofika kijitoni jua lilikuwa utosini. Kutoka pale hadi nyumbani ni kupanda, lakini haikuwa mbali, na maiti haipumzishwi njiani ikiwa kwao kunaonekana. Kiongozi akainua mkono. Tukatua. Watu waliangaliana. Alikuja karibu yangu, akaangalia kile kichaka, akaangalia juu kwenye jua, mtu asiye na hakika na hesabu zake.

"Mama yako aliniambia niwe nakungoja hapa," alisema. "Saa zenu mimi sizijui. Nenda. Tutakungoja."

Nilikwenda. Nyuma ya kichaka nilitoa karatasi nikaitazama, Mzungu na masharubu yake, picha sita na ule mguu. Kulikuwa na nzi, na sauti ya maji. Nilisimama pale kwa muda ambao nilidhani ungetosha. Kisha nikaikunja, nikairudisha mfukoni.

Niliporudi walikuwa wameshainua ncha tatu za miti wakizishika kwa mikono. Ya nne, ile ya nyuma upande wa bonde, kiongozi alikuwa ameiegemeza kwenye goti lake, akiningoja niichukue.